Kumtibu Mwenye Kifafa katika Zahanati

Katika maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu yanayobisha hodi kwenye mlango wa zahanati, kuumwa kichwa ndiko kwingi kuliko yote, na kiharusi ndicho kinachotisha; walakini upo ugonjwa mmoja ambao tabibu wa daraja la chini, asiye na mashine wala bingwa wa kumwuliza, aweza kuutambua kwa yakini na kuutibu kwa kidonge cha bei ndogo, nao ni kifafa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba wenye kifafa ulimwenguni ni kiasi cha watu milioni 50, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi pasipo kuanguka tena lau wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Ilhali katika nchi zenye pato dogo robo tatu ya wagonjwa hawaipati tiba wanayoihitaji. Na asidhani msomaji kwamba tiba hiyo ni mpya au ya ghali. Fenobabitoni ilijulikana kuwa yazuia kifafa tangu mwaka 1912, kwa kazi ya Alfred Hauptmann huko Ujerumani, na dawa ya mwaka mzima kwa mtu mmoja yaweza kugharimu dola 5 tu za Marekani. Huko Mahenge, katika milima ya Ulanga, daktari mwanamke mzaliwa wa Norwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa zaidi ya miaka 60 iliyopita, akawatibu kwa fenobabitoni hiyo hiyo watu waliokuwa wakitengwa na jirani zao kwa hofu ya maradhi yao. Lililowezekana Mahenge zama zile haliwezi kuwa muhali katika zahanati yako leo.

Lililo gumu ni kuujua ugonjwa, kwa kuwa tabibu aghalabu hauoni kwa macho yake. Mgonjwa huja mzima, amevaa vizuri, ameketi kwenye benchi pamoja na wenye kikohozi, na akiulizwa yaliyompata hujibu kwamba hakumbuki kitu ila kuamka sakafuni watu wamemzunguka. Kwa hiyo shahidi ndiye kipimo chako. Usikubali kumaliza kazi kabla hujamwona aliyekuwapo, ikiwa ni mama, mke, mwalimu au mwenziwe wa kazini. Na kama hakuja, mpe mgonjwa siku ya kurudi naye. Ikiwa nyumbani kuna simu yenye kamera, waambie wapige picha ya video mara nyingine itakapotokea, maana nusu dakika ya video hiyo yaweza kukupa yakini ambayo maneno ya saa nzima hayakupi.

Namna ya kumhoji shahidi yataka subira na adabu. Ukimwuliza, “Alitoa povu? Alijiuma ulimi? Alijikojolea?” atakuitikia “Ndiyo, daktari” mara tatu, kwa kuwa ameona ndiyo unayotaka kuisikia, na wewe utakuwa umeandika maneno yako mwenyewe katika kinywa chake. Anza kwa mbali: “Hebu niambie, mama, ulikuwa unafanya nini ulipomwona?” Naye atakwambia alikuwa akichambua mchele, akasikia ukelele, akageuka. Kisha mwombe akuigizie. Wengi huona haya mwanzoni, lakini mama akishainuka utastaajabu kwa yale ambayo ulimi wake haukuyataja: atakikunja kiwiko cha mkono wa kulia, atauvutia mdomo upande huo huo, shingo ataigeuza taratibu kuelekea begani, ndipo atikisike mwili mzima. Hapo umekwisha kujulishwa kwamba kifafa hiki huanzia upande mmoja wa ubongo, wa kushoto, jambo ambalo litakuongoza katika kuchagua dawa na katika kuamua kama mgonjwa apelekwe hospitali kupigwa picha ya kichwa. Kuhusu muda, usiamini dakika. Mtu aliyeogopa huhesabu dakika mbili kuwa nusu saa. Mwulize Mwislamu, “Tangu aanguke hata mikono ilipoacha kutikisika, ungaliweza kusoma Alhamdu mara ngapi?” na Mkristo umwulize kwa Baba Yetu, nawe utapata jibu lililo karibu zaidi na kweli.

Kifafa cha mwili mzima huja popote, hata usingizini, na hakichagui mahali pa kumwangushia mtu. Mgonjwa hukakamaa, pengine kwa ukelele, macho yakiwa wazi au yamepinduka, kisha hutikisika kwa mapigo yanayokwenda sawasawa kwa dakika moja mpaka tatu hivi, halafu hulegea, hukoroma, na akiamka huwa hajui alipo, kichwa chamwuma na maungo yamechoka. Ulimi uliojeruhiwa ubavuni ni ushahidi mzuri; kujikojolea si ushahidi mkubwa kama watu wadhanivyo, kwa maana aliyezirai naye huweza kujikojolea. Na kuzirai ndiko kunakochanganywa mno na kifafa. Mtu husimama muda mrefu juani, au huona damu, au ana njaa. Macho humtia giza, hutokwa na jasho, huparara, kisha huanguka akiwa mlegevu, na akiisha kulala chali fahamu humrudia upesi, akawajua watu wake na kuona haya. Mitikisiko michache ya sekunde chache wakati wa kuzirai isikupotoshe.

Kuna aina nyingine ambayo hukumu yake yataka utu zaidi kuliko elimu: msichana ambaye macho huyafumba kwa nguvu, kichwa hukipeleka huku na huku, mwili hurushwa, hutulia, hurushwa tena, kwa robo saa au zaidi, na hili humjia aghalabu mbele za watu baada ya ugomvi au huzuni. Huenda si kifafa, bali ni dhiki ya nafsi iliyopata njia ya kutokea. Walakini yeye hadanganyi, wala hajifanyi, na muuguzi anayemfinya au kumkemea ili “aache mchezo” amekosa adabu na tiba pia. Mwondoe penye umati, zungumza naye akiwa peke yake siku nyingine, na usimwanzishie vidonge vya kifafa kwa sababu tu ya kuwaridhisha jamaa.

Vipo vifafa vidogo visivyoangusha mtu, navyo hupotea kwa kukosa mtu wa kuvitafuta. Mtoto husita katikati ya neno, hutazama mahali pasipo na kitu kwa sekunde chache, kisha huendelea kama hakukutokea neno, na mwalimu humwita mzembe. Mtu mzima hutafunatafuna mate, huvutavuta kifungo cha shati, wala hasikii akiitwa. Mahenge walijulikana tangu zamani watoto ambao vichwa vyao huinama na kuinuka kama wasinziao, hasa wakiwa mbele ya chakula, na mwenye kuona jambo hili katika nchi zenye usubi na upofu wa mtoni alidhanie kuwa ni kifafa wala asilipuuze.

Sasa, kushikwa mara moja si kuwa na kifafa. Kwa kanuni iliyo nyepesi kuifuata, mwite mtu mwenye kifafa akiisha kushikwa mara 2 au zaidi, kati ya moja na nyingine saa 24 zimepita, pasipo sababu ya wakati ule ule iliyomletea. Kwa hiyo kila mara tafuta sababu kwanza. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 aliyepata degedege fupi katika homa, akaamka akacheza, hahitaji dawa ya kifafa ya kila siku. Ahitaji kutibiwa kilicholeta homa, na mama yake ahitaji kuelezwa kwamba degedege hili aghalabu halileti madhara ya kudumu. Lakini mtoto huyo huyo kama hakuamka, au shingo ni ngumu, au utosi umevimba, au degedege limerudi mara nyingi siku hiyo, basi fikiria malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo, mpime malaria na sukari ya damu papo hapo, mpe dozi ya kwanza ya dawa ya sindano uliyo nayo, na umpeleke hospitali pasipo kungoja kesho. Mwanamke mwenye mimba iliyopita wiki 20, au aliyejifungua karibuni, akishikwa, usiseme kifafa cha kawaida kabla hujampima presha na mkojo: hicho ni kifafa cha mimba mpaka ithibitike vingine, na dawa yake ni magneziamu salfeti, gramu 4 polepole katika mshipa na gramu 5 katika kila tako, na pasipo wa kumpa ya mshipani, zile 10 za matakoni humwokoa njiani akielekea hospitali. Mlevi wa gongo aliyeacha ghafula jana naye huweza kutikisika leo. Mwenye virusi vya UKIMWI anayeshikwa kwa mara ya kwanza hudhaniwa ana maradhi ndani ya ubongo mpaka achunguzwe.

Fauka ya hayo, mvue nguo umtazame. Makovu ya moto mkononi yatakusimulia historia ambayo jamaa wameificha. Vinundu vidogo vigumu chini ya ngozi, kwa mtu atokaye mahali nguruwe wanapozurura penye vinyesi, hukuonya kwamba huenda viluwiluwi vya tegu vimefanya maskani ubongoni. Na hapo nakusihi usikimbilie kumpa dawa ya minyoo ya nguvu, kwa sababu tegu anapokufa ubongo huvimba, na mgonjwa aliyekuja akitembea huweza kurudi amebebwa. Mpe dawa ya kuzuia kifafa, umpeleke kwenye picha ya kichwa. Linganisha nguvu za mikono miwili na miguu miwili, mtazame anavyotembea. Mtu mzima anayeanza kushikwa ukubwani, au mwenye kichwa kinachozidi kuuma wiki hata wiki, au mwenye udhaifu wa upande mmoja usioondoka siku ya pili, si wa kuwekwa zahanatini. Huyo mwandikie barua ya rufaa, na katika barua hiyo andika yale aliyokuigizia shahidi, maana daktari wa hospitali hatamwona mama yule.

Ama mgonjwa akishikwa mbele yako, yaliyo ya lazima ni machache. Mwondolee vitu vigumu na moto, legeza ukosi, mlaze ubavu, tazama saa. Kijiko kisipite meno yake, wala kitambaa, wala kidole cha mtu. Kadhalika maji, na ule moshi wa kiberiti ambao jirani atauleta kwa nia njema. Mwambie kila aliyesimama kando, kwa sauti ya kusikika, kwamba mate na povu haviambukizi, na wewe mwenyewe umguse mgonjwa wakikuona. Zikipita dakika 5 pasipo kukoma, au akishikwa tena kabla fahamu hazijarudi, hilo ni jambo la hatari. Vuta diazepamu katika bomba la sindano, uiondoe sindano yenyewe, ulipake bomba mafuta kidogo, uliingize kiasi cha sentimita 4 au 5 katika njia ya haja kubwa, usukume dawa, kisha uyabane matako kwa dakika chache isivuje. Mtoto hupewa miligramu 0.5 kwa kila kilo, hata wa kilo 10 apate miligramu 5, ambazo ni mililita 1 ya ile chupa yenye miligramu 10 katika mililita 2. Mtu mzima hupewa 10, kwa njia hiyo au polepole katika mshipa. Usiichome msulini, kwa maana huko hukawia kufika. Dakika 10 zikipita bila nafuu, rudia mara 1, huku ukiangalia pumzi kwa makini, na gari liwe limekwisha kuitwa. Mtoto mchanga wa wiki za mwanzo hatibiwi hivi. Yeye hupewa fenobabitoni.

Tukija kwenye tiba ya kila siku, kanuni kubwa ni dawa moja, kwa kipimo kidogo, ikipandishwa polepole mpaka mgonjwa asianguke au dawa ianze kumsumbua. Fenobabitoni huanza kwa mtu mzima miligramu 60 usiku, na huweza kufika 180. Mtoto huanza kwa 2 au 3 kwa kila kilo kwa siku, isizidi 6. Hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana yatosha mara moja kwa siku, na ndiyo maana pia huchukua wiki 2 au 3 kabla nguvu yake haijatulia. Atakayerudi baada ya siku 5 akisema “Daktari, hii haifai,” mtulize wala usimbadilishie. Usingizi wa siku za kwanza hupungua. Kwa watoto wengine, kinyume chake, huleta utundu usiovumilika, na hao kabamazepini huwafaa zaidi, kama inavyowafaa wenye kifafa kianzacho upande mmoja. Walakini kabamazepini huwazidishia ugonjwa wale watoto wanaosita na kutazama hewani, na yeyote atokaye vipele katika miezi 2 ya mwanzo, hasa vyenye vidonda vya mdomo au macho mekundu, aiache siku hiyo hiyo na aje. Fenitoini nayo ni nzuri mpaka ipite mpaka wake: hatua ndogo tu ya kuongeza humfanya mtu aende mrama kama mlevi, na kwa vijana huvimbisha ufizi.

Valproeti ni dawa ya nguvu, lakini usimwanzishie msichana wala mwanamke awezaye kushika mimba, kwa sababu huharibu maumbile ya mtoto tumboni na akili yake baadaye. Mwanamke anayetumia dawa nyingine tatu nilizozitaja aelezwe jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: kwamba hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya vijiti vya mkononi, na kwamba mimba itakapomjia asithubutu kuacha dawa ghafula kwa kumhurumia mtoto, maana anguko moja baya huwadhuru wote wawili. Mpe asidi ya foliki tangu kabla ya mimba, mtoto apewe vitamini K azaliwapo, na anyonyeshe. Mwenye kutumia dawa za UKIMWI au za kifua kikuu umwandikie mwenzio wa kliniki ya tiba hizo kabla ya kuanza chochote, kwa sababu dawa hizi huvunjana nguvu.

Kuhusu mganga wa kienyeji na hirizi, sioni busara ya kupigana nao. Jamaa wamekwenda huko kabla ya kuja kwako, na ukiwadhihaki watarudi huko wakubakishie vidonge. Waambie hirizi haigombani na kidonge, na kombe litakalonywewa baada ya sala ya alasiri halizuii fenobabitoni ya usiku. Ila moto wa kuchoma mwili, dawa za kunusisha zenye sumu, na agizo la kuacha vidonge kwa siku saba, hayo yakatae waziwazi. Nyumbani mafiga yazungushiwe ukingo au jiko liinuliwe, mgonjwa asiteke maji kisimani peke yake, asikwee mnazi, asiende kuvua katika ngalawa bila wa kumshika, asiendeshe bodaboda. Shule lakini aende, na mwalimu aandikiwe barua.

Mpe mgonjwa daftari la shule la bei ndogo, kila siku aliyoanguka itiwe alama, na kila siku aliyosahau dawa itiwe alama nyingine. Ukilifungua mwisho wa mwezi utaona mara nyingi alama hizo mbili zikiandamana, na hutakuwa na haja ya kuongeza kipimo. Lakini si kila kusahau ni kwa mgonjwa. Fenobabitoni imo katika orodha ya mkataba wa mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, hivyo uagizaji wake una karatasi nyingi, na rafu ya zahanati hubaki tupu wakati bohari ina shehena. Mtu aliyezoea dawa hii akiikosa ghafula huweza kushikwa mfululizo mpaka afe. Basi agiza mapema, hesabu wagonjwa wako kwa majina na si kwa kukisia, na anayeishi mbali umpe akiba ya miezi 2 badala ya mmoja, hata kama desturi ya kituo ni mmoja.

Ikiwa miaka 2 imepita pasipo kuanguka, mgonjwa atakuuliza kama sasa amepona. Zungumzeni yeye, wewe na jamaa zake, mkipima kazi aifanyayo na hofu yake ya kurudiwa. Na mkikubaliana kuacha dawa, ikiwa ni fenobabitoni ipunguzeni kwa miligramu 30 kila mwezi au kila miezi 2, pasipo haraka, nje ya majira ya mtihani, ya harusi na ya mimba. Akishikwa katikati ya kupunguza, mrudishe kwenye kipimo cha mwisho kilichokuwa kikimtuliza, umwambie si kosa lake, na ile hesabu ya miaka 2 ianze upya siku hiyo.